Nasuru Swadiki, Fundi wa Injini Zilizozeeka

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Fundi Nasuru Swadiki atavua ovaroli yake katika karakana yetu ya Mvara, hapa Arua, baada ya kulitumikia Shirika la Zahanati za Vijijini kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kadhaa. Ofisi inasema siku hizo ni kumi na moja. Yeye anasema ni kumi na tisa. Tumeamua kuandika kumi na tisa, kwa sababu mtu anayestaafu ana haki ya kushinda ubishi mmoja wa mwisho, ingawa Fundi Nasuru ameshashinda mingi kuliko fungu lake.

Mimi Pasca, karani wa usafiri, nimeombwa kuandika wasifu huu si kwa sababu najua magari. Nimeombwa kwa sababu dirisha la meza yangu linatazama mlango wa stoo ya oili, na kwa miaka kumi na minne nimesikia kila lililosemwa pale, nitake nisitake.

Fundi Nasuru alizaliwa Koboko mwaka 1965, katika familia ya Wanubi ambayo wanaume wake wamezoea magari tangu babu yao alipokuwa dereva wa lori la jeshi. Alifika Arua Februari 1993 akiwa na barua moja, spana tatu zilizofungwa katika kitambaa, na nia ya kukaa miezi sita. Alianza kwa kuosha magari. Fundi mkuu wa siku hizo, Mzee Celestino, alimwona akilaza sikio juu ya boneti kila alipomaliza kuosha gari, akamuuliza anasikiliza nini. Nasuru akajibu kwamba hajui bado. Mzee Celestino alilipenda jibu hilo, akampa kopo la oili na kitambaa. Mwaka 2004 alikuwa fundi mkuu mwenyewe, na Mzee Celestino alikuwa amekwenda zake kupumzika, akisema ameliachia shirika mtu mwenye masikio.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha magari yetu yanatembea kati ya Arua, Koboko, Abuku, Ludara na kila njia ya vumbi iliyo katikati. Magari hayo, tuseme ukweli, hayakuwa vijana. Wafadhili hupenda kutoa gari jipya mara moja, kisha hupenda kupiga nalo picha kwa miaka ishirini. Kufikia mwaka 2016 tulikuwa na Land Cruiser kumi na moja zilizopita umri wa miaka kumi na tano, na zote zilikuwa zinamtazama Fundi Nasuru.

Dereva yeyote aliyefika stoo kuomba oili alijua kwamba hataondoka upesi. Fundi Nasuru alisimama mlangoni, kopo limekumbatiwa kifuani, na maswali yakaanza. Gari iko na miaka ngapi? Inakula oili ama inamwaga? Asubuhi inatoa moshi gani, ya bluu, ya nyeusi ama ya nyeupe? Ikilala, chini yake iko kavu? Dereva wetu Marino, ambaye uvumilivu si kipaji chake, alichoka siku moja.

"Fundi," alisema, "mimi nakuja kuchukua oili. Mimi hapana kuja kuoa."

"Afadhali ungekuja kuoa," alijibu Fundi Nasuru. "Hapo mimi ningeuliza kidogo tu."

Baada ya maswali alichomoa kijiti cha kupimia, akaweka tone la oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua huku amefumba macho, kisha akanusa. Vidole hivyo havikuwahi kutakata. Ombi langu la likizo la mwaka 2014 alilisaini kwa niaba ya mkuu wangu aliyekuwa safarini, na alama ya kidole chake ilikaa vizuri sana pembeni mwa karatasi. Makao makuu ya Kampala yaliijibu barua hiyo yakitupongeza kwa muhuri mpya.

Nje ya kazi alikuwa na gari lake mwenyewe, saluni ya mwaka 1989 ambayo wazee wanakumbuka ilikuwa ya bluu. Ilidondosha oili kila ilipoegeshwa, na watu wa Mvara waliweza kukuambia Fundi Nasuru alimtembelea nani wiki hiyo kwa kutazama ardhi tu. Ukimtania kuhusu hilo, alikuambia kwamba injini isiyodondosha kitu ni injini isiyokuwa na kitu ndani.

Lakini fundisho lake kubwa, alilolipaka kwa rangi nyekundu ukutani mwa karakana, lilikuwa na maneno manne: GARI MZEE, OILI NZITO. Maana yake ilieleweka hata na karani. Injini mpya ina nafasi nyembamba kati ya chuma na chuma, kwa hiyo inataka oili nyepesi inayopenya haraka. Chuma kikila chuma kwa miaka mingi, nafasi zinapanuka, na oili nyepesi inapita humo kama mbuzi anavyopita kwenye ua mbovu. Mpe mzee oili nzito, nayo itakaa mahali pake. Alitufundisha kusoma namba za kopo: ya kwanza inasema oili inavyokimbia injini ikiwa baridi, ya pili inasema inavyojikaza injini ikipata moto. Yeye mwenyewe aliipenda 20W-50 kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Aliitia katika kila injini iliyozidi miaka kumi. Aliitia kwenye jenereta. Tulishuku, ingawa hatukuweza kuthibitisha, kwamba aliitia pia katika cherehani ya mkuu wa wauguzi, ambayo tangu siku hiyo ilishona polepole na kwa heshima.

Kwa miaka mingi fundisho hilo lilimtendea mema. Kisha likamwangusha, na sitaki kulipita jambo hilo kimyakimya, kwa sababu yeye mwenyewe amenikataza. Nilipomwambia kwamba wasifu wa mstaafu huwa wa mambo mazuri, aliniambia niandike yote ama nisiandike.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2016. Phiona Afedra, fundi mwenye cheti kutoka chuo cha ufundi, alikuwa amejiunga nasi miezi mitatu kabla. Ambulensi ya Abuku, ya mwaka 1993, ililetwa Mvara na dereva wake Alionzi, ambaye alikuwa ameiendesha miaka tisa bila hata kukwaruza taa. Alionzi alilalamika kwamba injini inagonga tik-tik asubuhi, na mshale wa geji ya oili unashuka ikipata moto. Fundi Nasuru alisikiliza, akasugua, akanusa. Oili iliyokuwamo ilikuwa tayari 20W-50, chaguo lake mwenyewe. Akaimwaga, akatia oili nzito zaidi ya hiyo, ya namba hamsini tupu, ambayo ilitoka kwenye kopo kama asali ya msimu wa baridi. Akawasha. Tik-tik ikafifia, kisha ikaisha.

"Umesikia?" alimwambia Phiona. "Imenyamaza."

Phiona alikuwa amesimama na tochi mkononi. "Mzee, imenyamaza, lakini haijapona. Tufungue sampo, hili bakuli la oili chini ya injini, tuangalie ndani. Pengine chujio la chini limeziba."

"Oili nzito iko inaponya."

"Oili nzito inafunika kelele tu, Mzee. Kama chujio limeziba, itashindwa kupita kabisa."

Wengine tulikuwa tumeacha kazi zetu kusikiliza. Nadhani ndicho kilichoharibu mambo. Fundi Nasuru aliinua kidole chake cheusi na kukigusa sikioni. "Wewe iko na cheti, binti yangu. Mimi niko na hii."

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa, na Phiona alirudi kwenye benchi lake. Ambulensi ilirudi Abuku jioni hiyo.

Siku ya tisa, asubuhi, Alionzi aliitwa Ludara kumchukua mama mjamzito aitwaye Nabila, aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri na aliyeanza kutokwa damu. Alimlaza ndani pamoja na dada yake, akaondoka kwenda hospitali ya Koboko. Katika kilima cha pili injini ilianza kugonga kwa kishindo, kisha ikanoki, vyuma vikashikana. Haikuwaka tena. Alionzi alikimbia barabarani na kusimamisha pikapu ya mfanyabiashara wa simsim. Wakashusha magunia na kuyaacha kando ya njia, wakampandisha Nabila. Mtoto alizaliwa ndani ya pikapu hiyo, mbele ya lango la hospitali, muuguzi akiwa amepanda juu na viatu vyake. Alikuwa msichana, na alilia vizuri. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, akalazwa siku kumi na moja. Kwa siku nne za kwanza hatukujua kama tutapiga simu ya furaha au ya msiba.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bi Daisy, aliitisha kikao Mvara. Alikuwa mtu wa haki, lakini mtu wa haki naye hufanya kazi na kile alichoambiwa. Aliambiwa kwamba geji ilionyesha shida na dereva aliendelea kuendesha. Barua ya kumwachisha kazi Alionzi ilikuwa imeshachapishwa. Najua, kwa sababu niliichapisha mimi.

"Uliona mshale wa oili asubuhi ile?" Bi Daisy alimuuliza.

"Niliona, madamu. Ilikuwa chini."

"Ukafanya nini?"

Alionzi alitazama mikono yake.

"Nikaendesha," alisema.

Fundi Nasuru alikuwa ameitwa kama mtaalamu, aje kueleza jinsi injini inavyokufa. Siku mbili kabla alikuwa amekwenda mwenyewe Koboko, akaivuta ambulensi hadi Mvara, na kuifungua yeye na Phiona tu, mlango ukiwa umefungwa. Sasa alisimama, akatoa chini ya kiti kitu kilichoviringishwa katika gazeti, akakifungua juu ya meza ya mkurugenzi, juu ya karatasi zake zote safi. Lilikuwa chujio la chini ya sampo. Wavu wake haukuonekana. Ulikuwa umejaa masizi mazito meusi, yaliyogandamana kama enyasa, ugali wetu wa mhogo, iliyosahaulika motoni ikashika sufuria.

"Hii ndiyo koo ya injini," alisema. "Imeziba. Oili mwepesi ingepita kidogo. Ile nzito mimi nilitia, asubuhi na baridi, haiwezi kupita hata kidogo. Injini ilikufa na kiu, na oili imejaa chini."

Bi Daisy aliuliza kama dereva angeweza kujua hayo.

"Dereva alijua kuniuliza. Asubuhi ile alinipigia simu mbele ya kuondoka. Alisema mshale inachelewa kupanda. Mimi nikasema, oili nzito inapanda polepole, wacha ipate moto, wewe endesha." Alimtazama Alionzi. "Hakuna mutu alisikia simu ile. Yeye hapana kusema hapa, sababu ananiheshimu. Madamu, Alionzi hapana kuua injini hii. Mimi ndiyo niliua. Na huyu binti Phiona alisema tufungue, mbele ya watu yote, mimi nikamchekesha watu."

Nimekaa vikao vingi. Vingi nimeandika muhtasari wake nikiwaza chakula cha mchana. Kile sikuandika neno kwa muda, na nilipotazama upande wa Alionzi alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

Barua ya Alionzi ilichanwa hapo hapo. Fundi Nasuru alivuliwa cheo cha fundi mkuu kwa mwaka mmoja, na nafasi hiyo akapewa Phiona. Alisema ni sawa. Kisha akaomba ruhusa ya siku mbili.

Alikwenda Ludara pamoja na mkewe, Mama Sadiya, wakibeba sukari, sabuni na kanga ya mtoto. Yaliyotokea huko tumeyapata kwa Mama Sadiya, kwa sababu mumewe aliporudi alikuwa mtu wa maneno machache kwa mara ya kwanza katika historia ya shirika. Walimkuta Nabila ameketi kivulini mwa nyumba yake, bado amekonda, mtoto mapajani. Fundi Nasuru alieleza kila kitu: kelele, oili, chujio, simu. Alieleza kirefu, kama anavyoeleza. Nabila alimsikiliza hadi mwisho, akamhamisha mtoto paja la pili.

"Magari ingine mzee kama ile," aliuliza, "iko ngapi?"

"Iko kumi."

"Umefungua?"

"Bado."

"Sasa wewe iko unafanya nini hapa kwangu?"

Mama Sadiya anasema walikunywa chai kwa haraka isiyo ya adabu, wakaondoka.

Kwa wiki tatu zilizofuata, Fundi Nasuru na Phiona walifungua sampo za magari yote kumi, moja baada ya jingine. Manne yalikuwa na masizi. Chujio la gari la chanjo lilikuwa limeziba zaidi ya nusu, na gari hilo lilikuwa limepangiwa safari ya Abuku wiki iliyofuata. Waliyasafisha yote. Katika kufanya hivyo waligundua asili ya ugonjwa: kwa miaka mingi madereva walikuwa wakiongezea oili bila kuimwaga ile ya zamani kwa wakati, na oili nzito ilikuwa ikinyamazisha kelele ambazo zingetuonya mapema. Fundi Nasuru alichukua brashi, akapaka chokaa juu ya maneno yake mekundu ukutani. Mpaka leo, mvua ikinyesha na ukuta ukiloa, yanaonekana kwa mbali kidogo. Hajakubali yapakwe mara ya pili.

Mwaka ule wa adhabu ulikuwa, naomba anisamehe, mwaka uliotufurahisha kuliko yote. Kila asubuhi Fundi Nasuru alikwenda mlangoni mwa stoo kuomba oili, na aliyesimama pale na kopo kifuani alikuwa Phiona.

"Gari iko na miaka ngapi, Mzee?" aliuliza Phiona, uso mkavu kama unga.

"Unajua miaka yake."

"Inakula oili ama inamwaga?"

"Binti yangu, jua inapanda."

"Na moshi?"

Wafanyakazi walitafuta kila sababu ya kupita karibu na stoo saa mbili asubuhi. Mhasibu, ambaye hana gari, alipita mara nne katika wiki moja. Fundi Nasuru alijibu kila swali, na kufikia mwezi wa tatu alikuwa anakuja na majibu yameshaandikwa kwenye kipande cha katoni.

Kipande hicho cha katoni ndicho kilichozaa kazi yake kubwa. Phiona alisema magari yetu ni wagonjwa kama wagonjwa wengine, kwa hiyo wapewe kadi. Wakaomba zahanati kadi za manjano zilizobaki, zile za watu wazima, na kila gari likafunguliwa yake. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kilomita, oili iliyotiwa na tarehe iliyomwagwa, kelele, moshi, na lini lilifunguliwa mara ya mwisho. Penye sehemu ya mzio waliandika mambo kama "haitaki oili nyepesi, sili za nyuma za kuzuia oili zimechoka." Penye sehemu ya mimba waliandika "hapana", mara kumi, na Fundi Nasuru alisisitiza sehemu hiyo isiachwe wazi.

Kanuni zao hazikuwa ngumu. Kwanza soma kitabu cha gari, kwa sababu aliyeitengeneza injini alikuwa na sababu zake. Kisha tazama imechakaa kiasi gani, na inafanya kazi kwenye joto gani. Gari kuukuu linalokula oili bila ugonjwa mwingine linaweza kupewa nzito kidogo, lakini hatua moja tu, na baada ya kufunguliwa. Kelele mpya haitibiwi kwa kopo. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi usishtuke, ikiwa kama chai ya maziwa zima injini mara moja, maana maji yameingia. Kopo ambalo mfuniko wake umeshawahi kufunguliwa usilinunue hata kama muuzaji ni shemeji yako. Fundi Nasuru anaye shemeji muuzaji, na chakula cha Idi mwaka huo kilikuwa kimya.

Mwaka 2021 makao makuu yalituletea oili mpya, nyepesi sana, ya kisasa, na agizo kwamba itumike katika magari yote bila ubaguzi. Nasuru wa zamani angeikataa kwa harufu. Nasuru huyu alishirikiana na Phiona kuijaribu. Katika magari mapya matatu ilifanya vizuri ajabu, na alisema hivyo waziwazi, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu anayemsifu mkwe asiyempenda. Katika gari moja la zamani walilolichagua kwa majaribio, ilivuja kwenye kila sili na kupungua nusu katika wiki mbili. Waliandika ripoti ya kurasa nne, tatu kati yake zikiwa maswali. Kampala walijibu kwamba kila karakana ichague oili kulingana na injini. Agizo hilo jipya sasa linatumika katika matawi yetu yote, na halina jina la mtu yeyote, jambo ambalo Fundi Nasuru analikumbuka kila mwezi.

Cheo chake alirudishiwa mwaka 2017. Alikishika miaka miwili, kisha akamwandikia mkurugenzi kwamba Phiona anakifaa zaidi na kwamba yeye anataka kubaki chini ya magari, ambako hakuna vikao. Tangu 2019 amekuwa msaidizi wa fundi ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfanya achekwe. Sijawahi kumsikia akimpa agizo. Nimemsikia mara nyingi akimwambia dereva mpya, "Uliza Fundi Mkuu. Mimi niko na masikio, yeye iko na masikio na kichwa."

Tangu Agosti ile, hakuna gari letu hata moja lililonoki likiwa na mgonjwa ndani. Ni miaka tisa kasoro. Ukitaka kumpa sifa kwa hilo, atamtupia Phiona, Phiona atamrudishia, na mtabaki hapo mpaka saa ya chakula.

Sasa anarudi Koboko. Amelima heka moja ya mhogo na simsim, na Mama Sadiya amemtengea kivuli, kiti na orodha ya mambo ya nyumbani yanayosubiri kutengenezwa tangu mwaka 2009. Tulimuuliza mama kama yuko tayari kumpokea mume wa kukaa nyumbani mchana kutwa. Akasema yuko tayari, Mungu ampe nguvu, na kwamba mlango wa jiko una kufuli.

Usafiri wake wa Jumatatu ulipangiwa Marino. Wiki iliyopita Alionzi alikuja mezani kwangu akiwa amevaa shati la kanisani katikati ya juma, akaomba zamu hiyo apewe yeye. Nikamwambia kubadilisha zamu kunahitaji sababu ya maandishi. Alishika kalamu yangu muda mrefu. Kisha akairudisha, akasema, "Pasca, wewe andika tu kwamba Alionzi iko inaomba." Ndivyo nilivyoandika, na mkurugenzi amesaini.

Fundi Nasuru, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa mikono yako, na kwa siku ile uliyofungua gazeti juu ya meza. Tunamshukuru Mama Sadiya aliyetuazima mume kwa muda mrefu hivyo na kurudishiwa mtu mwenye harufu ya dizeli. Mola akujalie afya, mvua ya wakati kwenye shamba lako, usingizi mtamu wa mchana, na wajukuu wengi wa kukusumbua. Mlango wa Mvara uko wazi kwako siku zote. Nenda salama, Mzee wetu, ukaishi vizuri.